Shilingi Inayorudi Mfukoni kwa Waziri

Juzi rafiki yangu kanitumia klipu ya Bunge la Tanzania, chini yake kaandika: "Huyu ndiye mbunge sasa!" Nikaifungua. Mheshimiwa amesimama, kidole juu, jasho linamtoka kwenye kiyoyozi, anaapa kwamba leo hapiti mtu bila majibu kuhusu maji ya jimboni kwake. "Mheshimiwa Mwenyekiti, nisiporidhika nashika shilingi!" Yaani atatoa hoja mshahara wa waziri upunguzwe shilingi moja. Meza zikapigwa kama ngoma ya harusi. Klipu ikaishia hapo.

Kosa langu ni kuitafuta sehemu iliyobaki. Waziri anasimama, anampongeza mbunge kwa jinsi anavyowapigania wananchi wake, anasema Serikali imelipokea na italifanyia kazi. Na simba wetu? "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa maelezo hayo mazuri, naomba nirudishe shilingi." Meza zikapigwa tena, na mikono ileile.

Miaka yote niliyofuatilia vikao vya bajeti, sijawahi kumwona waziri akirudi nyumbani na mshahara uliopungua shilingi moja. Moja tu, ambayo siku hizi hata pipi hainunui! Inashikwa, inapungwa hewani, inarudishwa na shukrani juu. Kisha muda unakwisha, gilotini inashuka, yaani mjadala unakatwa, na mabilioni yaliyobaki yanapita kwa mafungu, yakisomwa haraka haraka kama matangazo ya vifo redioni. Wanaoafiki waseme ndiyo. Ndiyooo.

Katiba, Ibara ya 63, inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Kuisimamia ndiyo imetangulia. Sisi tumebaki na kuishauri, tena kwa unyenyekevu wa mkwe: "naomba niishauri Serikali yangu sikivu". Ukimsimamia fundi anayejenga nyumba yako, unamwita sikivu kabla hujaukagua ukuta?

Msiniambie tatizo ni wabunge waoga. Waoga wapo, lakini hata jasiri angefanyaje? Mawaziri wenyewe ni wabunge. Anayesimamiwa amekaa viti vya mbele, na anayemsimamia amekaa nyuma akiomba Mungu mabadiliko ya baraza yajayo yamkumbuke. Chama kikimfukuza uanachama, Ibara ya 71 inamvua na ubunge. Bajeti kuu inapigiwa kura ya wazi, jina moja moja, kila mtu anasikika kasema nini. Na Bunge zima likithubutu kuikataa, Ibara ya 90 inampa Rais ruhusa ya kulivunja. Kwa hiyo mwenye kushika shilingi anajua fika kwamba akiing'ang'ania kweli, kitakachopotea ni kiti chake. Ningekuwa mimi, huenda ningeirudisha mapema zaidi.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Watu thelathini na kidogo, sanduku moja, funguo tatu. Mwaka mmoja mweka hazina alisoma hesabu, tukapiga makofi, tukataka kufunga kikao tukale. Mama mmoja mtu mzima, hata kusoma anasoma kwa shida, akasema yeye hatii dole gumba. Kulikuwa na shilingi elfu kumi na nane za soda, yeye siku hiyo ya soda alikuwepo na alikunywa maji. Tukamsihi, tukamwita bibi, tukamwambia chakula kinapoa. Akakaa. Tulikaa naye mpaka saa moja usiku, mweka hazina akaenda kwake na bodaboda akarudi na pesa. Hakuna aliyempigia bibi makofi, tulikuwa tumemkasirikia kweli.

Haya, nikubali, shingo upande: Bunge hili limewahi kung'ata. Mwaka 2008 kamati teule ya Mwakyembe ilileta ripoti ya Richmond, ile kampuni ya mkataba tata wa umeme wa dharura, na Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu. Mwaka 2014 PAC, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto ilifumua sakata la pesa za akaunti ya Escrow ya Tegeta, na mawaziri na Mwanasheria Mkuu wakaondoka. Katiba ilikuwa hii hii. Kilichokuwepo ni upinzani wenye idadi na wabunge wa chama tawala waliokuwa wakigombana wao kwa wao. Ndiyo, ugomvi wao ulitufaa kuliko mshikamano wao.

Baadaye Assad, aliyekuwa CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, alipothubutu kusema Bunge ni dhaifu, Bunge lilithibitisha nguvu zake mwaka 2019 kwa kuazimia kutofanya naye kazi. Na ripoti zenyewe za CAG? Zinawekwa mezani Aprili, kila mtu anashtuka wiki mbili, halafu bajeti mpya inapitishwa Juni. Mwaka 2023 mjadala wake ulifika Novemba, wakati pesa mpya zilishaanza kutumika tangu Julai, mara nyingi na walewale. Matangazo ya Bunge ya moja kwa moja yalipunguzwa 2016 kwa hoja ya gharama. Sitarudia, nitapandisha presha bure.

Ninachotaka ni kidogo mno. Mwaka ujao, mbunge mmoja, awe wa chama chochote, ashike shilingi na asiirudishe. Waziri amalize kumpongeza, Mwenyekiti amtazame, wenzake wamvute koti, naye aseme: sijaridhika, hoja yangu ipigiwe kura. Ashindwe kwa kura mia tatu, sawa, lakini Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, iandike majina ya waliosema maji ya pale si muhimu kama shilingi ya mshahara wa waziri.

Nilimtumia rafiki yangu ile nusu ya pili ya klipu. Alama mbili za bluu, kimya. Jioni ndiyo akajibu: "Lakini si kaongea?"