Anayeondoka Nyumbani Naye Ahesabiwe

Mwaka 1991 wadadisi walianza kuzunguka vijiji vya mkoa wa Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania, wakiwa na dodoso nene mkononi. Walitaka kujua mtu mzima akifa, kaya aliyoiacha inaishije. Ukimwi ulikuwa umeshapiga hodi kwenye nyumba nyingi. Wagonjwa wa kwanza kutambuliwa nchini walikuwa wa mkoa huohuo, mwaka 1983. Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichagua kaya 915, zikatembelewa hadi mara nne, na Januari 1994 kazi ikafungwa.

Ingeishia hapo, leo ingekuwa ripoti moja kati ya nyingi zilizolala kabatini. Lakini mwaka 2004 watafiti walirudi, na safari hii hawakuuliza tu nani yupo. Waliuliza waliokuwepo wako wapi. Aliyeolewa kijiji cha pili alifuatwa. Aliyehamia Mwanza alifuatwa, aliyeko Dar es Salaam alifuatwa, na waliovuka mpaka kwenda Uganda wakafuatwa hukohuko. Kaya zile 915 zilikuwa zimezaa kaya zaidi ya 2,700. Waliporudi tena mwaka 2010, zilikuwa zimepita 3,300.

Kazi ya namna hii, ya kuwafuatilia watu walewale kwa miaka mingi, ina watetezi na wapinzani. Inakula fedha na miaka, na matokeo yake huja wakati waziri aliyeyahitaji ameshastaafu. Mimi ni mtetezi wake, lakini mtetezi asiyelala usingizi mzito, kwa sababu baadhi ya hoja za wanaopinga nimezishuhudia kwa macho yangu.

Tuanze na kile ambacho kisingejulikana. Wachumi Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walichukua takwimu za Kagera za mwanzo na za 2004, wakalinganisha watu waliokuwa wakiishi kaya moja mwanzoni: mmoja akabaki, mwingine akaondoka. Matumizi ya walioondoka yalikuwa yamekua kuliko ya waliobaki, na tofauti ya ukuaji huo ilifika pointi 36 za asilimia. Waliotoka kwenye kilimo walipiga hatua kubwa kuliko waliobaki na jembe, lakini hata jembe kwa jembe, aliyehama alimzidi aliyebaki. Sasa mfikirie mtafiti ambaye angerudi vijiji vilevile, akagonga milango ileile, na penye mtu aliyeondoka akaandika "amehama" na kupiga mstari. Angeondoka na takwimu sahihi kabisa za watu waliobaki, akadhani amepata habari za wote.

Mpinzani atasema anayehama ndiye aliyekuwa na moyo wa kutafuta tangu mwanzo, hivyo si safari iliyomfaa bali tabia yake. Kulinganisha watu wa nyumba moja kunapunguza tatizo hilo, hakulimalizi. Watoto wa tumbo moja hawafanani. Nalikubali pingamizi hilo. Ila tunaweza kulijadili kwa sababu tu kuna mtu aliyewaandika wote wawili kabla mmoja hajapanda basi.

Habari iliyonigusa zaidi kutoka Kagera ni ya familia. De Weerdt na Kalle Hirvonen walifuatilia nini hutokea pale aliyebaki nyumbani anapopatwa na jambo: ugonjwa, msiba, mavuno mabaya. Waliona kwamba aliyehama huubeba mzigo huo, na kwamba ubebaji huo ni wa upande mmoja. Aliyeko mjini hujinyima ili wa nyumbani asianguke. Mambo yakimwendea kombo yeye, hakuna kinachorudi kwa kiasi kile. Walikadiria kwamba wahamiaji hutoa kama asilimia 3 hadi 5 ya ongezeko la matumizi walilolipata kwa kuhama. Mtu yeyote wa kwetu mwenye simu anaijua habari hii, maana ndiyo meseji ya kila mwezi. Ila kuijua ni jambo moja na kuipima ni jingine. Kwa muda mrefu wachumi walieleza misaada ya ndugu kama mkataba wa nipe nikupe: leo kwangu, kesho kwako. Takwimu za Kagera ziliwaambia kuna kitu kingine, wajibu usiosubiri kurudishiwa. Kuliona hilo kulihitaji kuwahoji ndugu wa pande zote mbili, tena kwa miaka.

Kuna na mayatima. Watoto waliofiwa na mama, walipopimwa wakiwa watu wazima, walikuwa wafupi kwa karibu sentimita 2 kuliko walivyopaswa kuwa, na walikuwa wamekosa karibu mwaka mzima wa shule. Utafiti wa siku moja ungemkuta mtoto huyo kwa shangazi yake, anakula, anacheza, ukaandika kwamba ukoo umempokea. Ungekuwa umesema kweli. Hasara ilikuwa inamsubiri mbele.

Na kuna maswali ambayo hakuna aliyeyapanga. Aprili 1994, miezi mitatu tu baada ya ile kazi ya kwanza kufungwa, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Kagera. Bila kukusudia, kulikuwa na picha ya kaya za mkoa kabla ya wageni wale. Wachumi Jean-François Maystadt na Philip Verwimp waliitumia kuuliza nani alifaidi na nani aliumia kwa ujirani huo, na walioumia walikuwa hasa vibarua wa mashambani, waliogombania kazi ileile na wageni huku bei ya chakula ikipanda. Ujerumani kulitokea jambo la jinsi hiyo: utafiti wa kaya ulioanza upande wa magharibi mwaka 1984 uliingizwa mashariki Juni 1990, kabla sarafu ya nchi mbili haijaunganishwa. Aliyewahi kupanda mti kabla ya kujua atahitaji kivuli ataelewa.

Upande wa pili sasa, na hapa nataka kukaa.

Niliwahi kufanya kazi ya udadisi kwa msimu mmoja, kwenye utafiti mwingine kabisa, katika kijiji cha Kanda ya Ziwa. Nilimkuta mama mmoja barazani akichambua maharage kwenye ungo. Shikamoo, marahaba, karibu kigoda. Nikafungua dodoso na kuuliza watu wangapi wanaishi kwenye kaya ile. Akanitazama. "Wanaolala au wanaokula?"

Mwongozo wangu ulisema kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Lakini mjukuu wake mkubwa alikula kwake na kulala kwa baba yake mdogo, kwa sababu chumba hakikutosha. Mumewe alikuwa mvuvi wa dagaa kisiwani, na hurudi nyumbani siku za mbalamwezi tu, dagaa wasipovulika. Binti yake alikuwa ameolewa, akarudi, na hakuna aliyejua kama amerudi moja kwa moja. Nilihesabu miezi kwa vidole, nikawaingiza wengine na kuwaacha wengine. Kaya niliyoiandika siku ile ilikuwa na watu sita. Mwenzangu mwingine, kwa mwongozo uleule, angeweza kuandika wanane, naye asingekuwa amekosea.

Kwa utafiti wa mara moja hilo ni dosari ndogo. Kwa utafiti wa miaka ishirini ni mbegu. Nani atafuatwa na nani atasahaulika huamuliwa siku ile ya kwanza, barazani, na kijana aliyechoka.

Tukaja kwenye kazi. "Mama, wiki iliyopita ulifanya kazi yoyote?" Akajibu, "Sina kazi mwanangu, nipo tu nyumbani." Huku anachambua maharage ya kupeleka gulioni. Hili halikuwa kosa lake, lilikuwa la swali. Miaka ya 2007 na 2008 lilifanyika jaribio Tanzania ambapo baadhi ya watu waliulizwa kuhusu kazi kwa maswali machache na wengine kwa maswali ya kina, wengine wakajisemea na wengine wakasemewa. Maswali yalipofupishwa, idadi ya wanawake wanaofanya kazi ilishuka. Mwanaume aliposemewa na mtu mwingine wa nyumbani, ilishuka idadi ya wanaume wanaofanya kazi, hasa kwa sababu shughuli zao za shamba hazikutajwa. Watu ni walewale, mashamba ni yaleyale. Kwa hiyo dodoso likibadilika kati ya awamu moja na nyingine, au akijibu mke mwaka huu na mume mwaka ujao, grafu itaonyesha mapinduzi ya ajira ambayo hayakutokea popote isipokuwa kwenye karatasi.

Swali la kuridhika na maisha ndilo lililonishinda kabisa. Uwe na ngazi ya hatua kumi, umwoneshe mtu chini ni wapi na juu ni wapi, umwombe aonyeshe anaposimama. Mama yule alisema, "Tunamshukuru Mungu." Nikamwonyesha ngazi tena. Akasema tena, "Tunamshukuru Mungu." Kwa Kiswahili jibu hilo hubeba shibe na hubeba njaa; utalitambua kwa sauti, na sauti haina kisanduku cha kuweka tiki. Niliandika namba. Sitaki kuisema, kwa sababu niliichagua mimi.

Watetezi wana jibu zuri hapa, na ni lazima lisikike. Wanasema ubora wa kurudi kwa mtu yuleyule ni kwamba unamlinganisha na nafsi yake. Kama yeye ni mtu wa kushukuru siku zote, shukrani yake itajifuta, yatabaki mabadiliko. Ujerumani wameuliza swali hilo kila mwaka tangu 1984, na hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba mtu akipoteza ajira, kuridhika kwake hushuka, na kwa wastani hakurudi palepale hata baada ya kupata kazi nyingine. Ni ugunduzi mzito, na kwa kuuliza mara moja usingepatikana. Lakini jibu hilo linasimama iwapo anayeibadili shukrani kuwa namba ni mhojiwa mwenyewe. Kama mwaka huu naibadili mimi na baada ya miaka minne anaibadili mwingine, tunachopima ni wadadisi.

Halafu kuna hili: kumuuliza mtu mara kwa mara kunambadilisha. Nchini Kenya ilionekana kwamba kaya zilizohojiwa mara nyingi zaidi kuhusu kuhara kwa watoto zilizidisha kutibu maji ya kunywa kwa klorini kuliko zile zilizohojiwa kwa nadra. Ni heri kwa watoto wale. Kwa utafiti ni shida, maana kaya zinazofuatiliwa zinaanza kuachana na majirani zinaopaswa kuwawakilisha.

Gharama na kupotea kwa watu nitazipitia haraka, kwa sababu hapo hoja ya wapinzani ni nyepesi kuliko inavyosikika. Kagera ilipofuatiliwa mwaka 2004, katika kila kaya 100 za mwanzo zilizokuwa bado na mtu hai, 93 zilipatikana kwa maana ya kupata angalau mtu mmoja. Kumpata mmoja si kuwapata wote, na hilo lisifichwe. Lakini kazi inawezekana, tena kwa wadadisi wa hapahapa na kampuni iliyokuwa Bukoba. Kinachovunja utafiti wa aina hii mara nyingi ni uamuzi. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania ulioanza 2008/09 kwa kaya 3,265 ulifuatilia watu kwa awamu tatu, halafu mwaka 2014/15 sampuli mpya ikachukua nafasi kubwa na sehemu tu ya kaya za zamani ikaendelea. Ziko sababu za kitaalamu: nchi hubadilika, na sampuli ya zamani huacha kufanana nayo. Hata hivyo, kila kaya iliyoachwa ni hadithi iliyokatwa katikati ya sentensi. Marekani wanafuatilia tangu 1968 familia zilizoanza zikiwa kama 5,000, na wajukuu wa familia zile wamo. Nguvu iko kwenye kutokukata.

Ndiyo maana ningekubali dodoso fupi kuliko miaka michache. Ingekuwa ni mimi wa kupanga, ningepunguza kurasa za mali, yale mabakuli, viti na mabati yanayohesabiwa mpaka mhojiwa anasinzia, nikaacha kwa ukamilifu wake sehemu ya kazi, kila mtu mzima ajisemee. Na fedha iliyookolewa iende kwenye kuwatafuta waliohama.

Jambo moja halitibiwi na dodoso. Nilipofunga kalamu, mama aliniuliza kama nikirudi nitamwambia nilichoandika. Nilimjibu kama nilivyofundishwa, kwamba majibu yake ni siri. Akasema, "Siri kwa majirani, sawa. Na mimi mwenye maneno?"

Sikuwa na jibu. Takwimu za kaya hizi hufunguliwa na wanafunzi na maprofesa duniani kote, na hilo ni jema. Huandikwa kwa Kiingereza, na wanaozisoma wako mbali na baraza zilikotoka. Mtu anayetoa saa tatu za siku ya kupanda, mara nne, mara tano, kwa miaka ishirini, ana haki ya kusomewa. Ukurasa mmoja wa Kiswahili unatosha: mlituambia haya, kijiji chenu kilibadilika hivi, watoto waliofiwa walipatwa na hili. Usomwe kwenye mkutano wa kijiji kabla mdadisi wa awamu mpya hajafungua mkoba wake. Na kwa waliohama, namba zao za simu zimo ndani ya dodoso.