Akiondoka, Fedha Zake Zitanunua Nini?

Kila ifikapo katikati ya Machi, klabu 32 za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, hulazimika kuhakikisha kwamba hesabu ya mishahara yao haivuki kikomo kilichowekwa na ligi, na hapo ndipo mashabiki huanza kunung'unika, kwa kuwa majina waliyoyazoea huondoka moja baada ya jingine. Kikomo hicho kilianza kutumika mwaka 1994, na kwa msimu wa 2024 kilikuwa dola milioni 255.4. Zinaonekana fedha nyingi mpaka ukumbuke kwamba zinatakiwa zitoshe kikosi cha wachezaji 53, na kwamba kwotabeki mmoja hodari, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, husaini siku hizi mkataba wa zaidi ya milioni 50 kwa mwaka.

Naona klabu nyingi huanza na swali baya, yaani nani ni bora kuliko mwenzake. Mimi ningeanza kwa kuuliza akiondoka huyu, fedha zitakazobaki zitanunua nini. Jibu mara nyingine ni kwamba hazitanunua chochote, kwa sababu ya bonasi. Chukulia mchezaji aliyepewa bonasi ya kusaini ya milioni 25 katika mkataba wa miaka mitano. Yeye anapokea fedha zake mapema, lakini katika hesabu za kikomo zinaandikwa milioni 5 kila mwaka. Akiachwa baada ya misimu miwili, milioni 15 ambazo hazijahesabiwa huangukia klabu kwa mkupuo, isipokuwa ikitumia utaratibu wa baada ya Juni 1 unaoruhusu kuzigawa kwa miaka miwili. Ikiwa mshahara wake wa mwaka wa tatu ni milioni 10, basi akibaki anagharimu milioni 15, na akifukuzwa anagharimu milioni 15 zilezile, tofauti ikiwa kwamba sasa anavaa jezi ya wapinzani.

Denver Broncos waliyaonja hayo kwa uchungu. Septemba 2022 walimwongezea kwotabeki wao Russell Wilson mkataba wa miaka mitano kabla hajawachezea hata mechi moja, na Machi 2024 wakamwacha kabla msimu wa kwanza wa nyongeza hiyo haujaanza, wakabaki na mzigo wa takriban milioni 85 uliogawanywa kwa misimu miwili. Hata hivyo, msimu uliofuata walifika hatua ya mtoano, kwa kuwa nafasi yake ilichukuliwa na Bo Nix, kijana aliyetoka chuoni. Tangu mwaka 2011 mishahara ya vijana wa aina hiyo hupangwa kwa viwango maalumu, kwa hiyo kijana anayecheza vizuri katika miaka yake minne ya kwanza ndiye mali ya thamani kuliko zote, na huyo simwachi kwa bei yoyote.

Kwa nyota mwenye umri wa miaka 28 au zaidi anayedai mkataba mnono, ningekuwa mgumu. Machi 2022, Kansas City Chiefs walimpeleka Tyreek Hill, mpokeaji wa pasi mwenye kasi ya kutisha, kwa Miami Dolphins, wakapata nafasi tano za kuchagua vijana wanaotoka vyuoni. Nakiri kwamba siku ile niliona wamejikata mguu wenyewe. Lakini Chiefs walitwaa Super Bowl, yaani fainali ya ubingwa wa ligi, Februari 2023, wakairudia Februari 2024, huku nafasi ya kwanza kati ya zile ikiwa imewasaidia kumpata beki Trent McDuffie.

Watu watasema kwamba Chiefs walikuwa na kwotabeki Patrick Mahomes, na ni kweli. Lakini ndiyo maana ya kuchagua. Mahomes hana mbadala sokoni, ilhali Hill, kwa uhodari wake wote, alikuwa na mbadala wa nusu bei, au wawili waliogawana kazi yake.