Uhuru wa Kuagizwa

Tarehe 23 Juni, saa tatu za usiku, nimekaa zangu nashona kola ya shati la mtu, simu ikapiga kelele. Kutazama, nimeingizwa katika kundi la WhatsApp linaloitwa "30 Juin Ambiance", yaani shamrashamra za 30 Juni, sikukuu yetu ya uhuru wa Kongo. Sikuomba, sikuulizwa. Mkuu wa kundi ni mpwa wangu, huyuhuyu niliyemfunga kamba za viatu siku yake ya kwanza ya shule. Ujumbe wake wa kwanza: "Familia yote, mwaka huu tunafanya kitu cha kimataifa. Mavazi: nyeupe tupu. Mahali: kando ya pisine. Mchango: dola 20 kwa kichwa."

Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Maneno yalikuwa yaleyale.

Tuanze na hiyo nyeupe. Jamani, mimi ni fundi wa nguo hapa Kamalondo, nguo nyeupe naijua na Lubumbashi naijua. Mwezi wa sita mvua tumeshaisahau. Panda taksi-basi kutoka Katuba mpaka mjini na shati jeupe, utashuka na shati la rangi ya tofali. Ukijifungia ndani, vumbi limekutangulia, linakungoja kwenye kiti. Na pisine! Mwezi wa sita, asubuhi, kila mtu anatoa moshi mdomoni kama mvuta sigara. Kina mama sokoni wamejifunga blanketi, anayekuuzia nyanya unamjua kwa macho tu. Wewe ndiyo unataka kuvua nguo uingie majini? Wameona kwenye simu watu wa Miami wanaogelea na glasi mkononi, wakadhani ndivyo sikukuu ilivyo. Miami na jua lake, sisi na kikohozi chetu.

Na hapo maana yenyewe sijaigusa. Tarehe 30 Juni 1960 wazee wetu walikuwa wanawaaga weupe. Leo wajukuu wao wanatozwa pesa ili wawe weupe kuanzia shingoni mpaka viatuni. Niliandika hivyo kwenye kundi. Mpwa akanijibu kwa kile kikaragosi kinachotokwa machozi ya kicheko. Mjomba wako unamjibu kwa katuni!

Hata hivyo nililipa. Msinicheke, mnazijua familia zetu: usipochanga sherehe, siku ya msiba wako watakuja na mikono mitupu. Nikafukua noti yangu ya dola 20 niliyoificha ndani ya mkebe wa vifungo, nikampelekea. Akaiinua kwenye taa, akaigeuza, akaipitisha kidole ukingoni polepole kama daktari anayetafuta uvimbe.

"Mjomba, hii ina tatizo."

"Tatizo gani?"

"Tazama hapa pembeni."

Nikatazama. Palikuwa na mpasuko mdogo kuliko tundu la sindano, na matundu ya sindano mimi ndiyo kazi yangu. "Hawataipokea," akasema. Niambieni nyinyi: faranga yetu wenyewe tunaipokea imelowa, inanuka samaki, imefungwa utepe kama majeruhi wa ajali, hakuna anayeuliza. Dola ya watu, yenye picha ya Andrew Jackson na nywele zake zilizosimama, tunaikagua kama bibi harusi. Uhuru wa Kongo, tunaulipia kwa pesa ya Marekani, na inatakiwa iwe haijaumia!

Nikachukua noti yangu yenye kidonda, nikatangaza: "Basi mimi sherehe nitafanya kwangu. Sherehe ya Kikongo. Kitu cha kigeni hakitavuka mlango wa lupango wangu."

Kosa langu ni kuyasema hayo mbele ya Mwalimu. Mwalimu ni jirani yetu, alifundisha historia mpaka akastaafu, na sasa kazi yake ni kukalia benchi langu akingoja mtu aseme jambo lenye kosa. Akatabasamu. Ningelitazama vizuri lile tabasamu, ningekwenda zangu kwenye pisine.

Siku yenyewe nilianza na mavazi. Nikatoa sandukuni abacost ya marehemu baba, ya kijivu, mikono mifupi, vifungo vinne. Vijana wasiojua, abacost ni Kifaransa kilichokatwa: "à bas le costume", yaani suti ife! Mobutu alipopiga marufuku suti na tai, miaka ya 1970 mwanzoni, nchi ikiitwa Zaïre, mafundi kama baba yangu walikula vizuri. Nikaivaa, nikavuta tumbo ndani, nikatoka uani. Mwalimu akaishika kola kwa vidole viwili.

"Fundi, hii kola ni ya Mao."

"Mao yupi? Wa Kampemba?"

"Mao Zedong. Wa China."

Nikamwambia Mao hakuvaa mikono mifupi. Akasema kwao ni baridi. Nikanyamaza, lakini ile kola ikaanza kunikaba.

Mama watoto akatoka na kikwembe chake cha sikukuu, kile anachokikunja kwa karatasi katikati. Nikampigia makofi: "Tazameni mwanamke wa Kongo!" Halafu nikakumbuka. Kikwembe kile nilikishona mimi mwenyewe, na ukingo wake niliuingiza ndani ya pindo kwa mkono wangu ili usionekane. Miaka yote ya ufundi nausoma ukingo huo kabla ya kutia mkasi: "Véritable Wax Hollandais", yaani wax halisi ya Kiholanzi. Mwalimu hakuhitaji hata kuona pindo. Alisema tu, kama anayezungumza na kuku, kwamba Waholanzi waliiga batiki ya watu wa Java, wakachapa kwa mashine, wakatuletea sisi. Mama watoto akamuuliza kama anataka chakula au hataki. Akasema anataka. Basi, akaambiwa, Java ikae Java.

Kwenye chakula sitachelewa, maana inauma. Bukari, ugali wetu, nikasema, hapo je? Mfuko wa unga ulikuwa umeegemea ukuta, umetoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa kama ndugu zake wote. Mpaka ukikwama siku mbili mji mzima unajua. Mwalimu akaongeza kwamba mahindi yenyewe yalivuka bahari kutoka Amerika, na muhogo pia. Kwa hiyo bukari yangu na sombe yangu ya majani ya muhogo, sahani nzima, ni jamaa za wale wa Miami. Nikaleta munkoyo, kinywaji chetu cha mzizi. Nikasema, huu ni wa mababu, ulikuwepo kabla ya mpaka. Akanywa kikombe kizima, akajifuta mdomo. "Umepikwa kwa unga gani?" Wa mahindi. "Lakini mzizi ni wetu!" nikapiga kelele. Akakubali mzizi. Nyanya, chumvi na pilipili niliogopa hata kuvitaja.

Ikabaki historia. Nikasimama kuwahutubia watoto. Nikawaeleza Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, alivyosimama mbele ya mfalme Baudouin wa Ubelgiji na kusema yale ambayo hayakuwa kwenye ratiba. Nikawaeleza jinsi sisi wa hapa, wakati mji bado unaitwa Élisabethville, tulivyokaa ndani ya uhuru huo siku 11 tu kabla Tshombe hajatangaza wa kwake, wa Katanga, tarehe 11 Julai. Mji mmoja, uhuru mara mbili, na Wabelgiji waliotoka kwa mlango wa mbele tukawakuta jikoni. Halafu nikafika kwa Ambroise Boimbo, kipenzi changu, aliyechomoka kwenye umati kule Léopoldville, Kinshasa ya leo, akachomoa upanga wa mfalme ndani ya gari la wazi na kukimbia nao. "Hicho," nikawaambia, "ni kitu cha Kikongo asilimia mia! Hakuagiza mahali!"

"Na tumekijuaje?" Mwalimu akauliza.

"Si kuna picha?"

"Aliyepiga ni Robert Lebeck. Mjerumani."

Huyu mtu ana nini na mimi?

Nikaona bora muziki, muziki haubishani. Binti yangu akafungulia spika, na mimi nikaagiza "Indépendance Cha Cha", ile ya Kabasele na African Jazz. Hapo hata Mwalimu alisimama, mikono juu, magoti yake mabovu yakasahau umri. Tukacheza mpaka mwisho. Alipokaa, jasho likimtoka na hewa ni ya baridi, nikamwona anafungua mdomo, nikamwomba kwa mikono miwili asiseme. Akasema. Wimbo ulitungwa Brussels, mwaka ule wa 1960, viongozi wetu wakiwa kwenye mazungumzo ya uhuru na Wabelgiji, yale ya Meza ya Duara. Na cha-cha-cha ni ya Kuba. Ndiyo maana, akasema, inaitwa hivyo.

"Basi nibakishie neno!" nikamwambia. "Uhuru! Neno lenyewe la Kiswahili, u-hu-ru, silo letu?"

Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayetakiwa kutangaza msiba. "Fundi... ni Kiarabu."

Mama watoto alicheka mpaka akashika ukuta.

Ilipofika saa mbili usiku mlango ukagongwa. Wale wa pisine. Walikuja kumi na wawili, midomo imepauka, wamejifunika mataulo na mapazia sijui ya nani. Nyeupe ilikuwa imekwisha tangu kwenye taksi. Walifanana na watu waliotoka kuchoma tofali. Kwenye maji aliingia mmoja, kwa kusukumwa. Shawarma walizoagiza zilifika zimepoa, tena zilitosha watu watano. Dijei aliweka amapiano ya Afrika Kusini, akaweka Wanaijeria, akaweka amapiano tena, kisha akadai dola zake na kuondoka mapema kwa sababu ya baridi. Mpwa wangu alitetemeka mpaka meno yakawa yanapiga ngoma. Sikusema neno. Nilimtazama tu, nikamwekea bukari yenye moto, akala tonge tatu bila kunawa vizuri.

"Mjomba," akasema, "kwako kuna joto."

"Ni mkaa," nikajibu. "Kidogo nijivunie, ila ngoja tumuulize Mwalimu."

Mwalimu akasema mkaa ni wetu. Miti ya miombo, ya hapahapa. Sijawahi kufurahia mkaa namna ile.

Tukawasha tena spika. Nusu ya wimbo, umeme ukakatika. Mtaa wote giza, watoto wakapiga ile "eeeh!" ya kila siku. Spika haina betri, simu zimebaki asilimia mbili, tatu, na mabinti wameshaanza kuaga. Nikaona sherehe yangu inakufa mikononi. Pale karibu na jiko palikuwa na bidoni la njano, lile la mafuta ya kupikia la lita 20, tupu, tunachotea maji. Nikalivuta katikati ya miguu, nikapiga. Lilitoa sauti nzito, nzuri ajabu. Mwalimu akachukua chupa na kijiko. Mama watoto akaanza kuimba wimbo wa kwao ambao sikuusikia tangu arusi yetu, wa kumtania shemeji mvivu, na wale vijana wa tofali wakatupa mataulo wakaingia uwanjani, vumbi likainuka mpaka kwenye makaa.

Nilipiga bidoni mpaka viganja vikawaka. Mpwa wangu akachuchumaa pembeni yangu, akamulika na ile asilimia mbili ya simu yake. Nikamwona anainamisha kichwa, anasoma ubavuni mwa bidoni, midomo inacheza: "Product of Ma..."

Nikazima simu yake kwa kiganja. Nikaligeuza bidoni taratibu, maandishi yakatazama ukutani, nikaangalia kama Mwalimu ameona, nikaendelea kupiga.