Mkwawa wa Watoto: Wasifu, Riwaya au Hadithi ya Wanyama?

Vita vya Wahehe na Wajerumani vina mvulana mwanzoni na mvulana mwishoni. Wa kwanza alikuwa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, siku kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski kiliposhambuliwa ghafla njiani na jeshi la Mtwa (yaani mtawala) wa Wahehe, Mkwawa, kikaangamizwa. Masimulizi ya vita hivyo yanasema Zelewski alichomwa mkuki na kijana wa miaka kama 16. Wa pili alikuwa karibu na Mlambalasi, Julai 1898. Ngome yake ya Kalenga ilikuwa imeanguka tangu Oktoba 1894, Mkwawa akawa anawindwa porini, mgonjwa, na zawadi ya rupia 5,000 imetangazwa kwa atakayemleta. Doria ya Wajerumani ikamkamata mvulana aliyekuwa akifuatana naye, na kwa maelezo yake wakafika alipokuwa. Walimkuta amekwisha kujipiga risasi. Ilikuwa tarehe 19.

Watoto wa Iringa hufundishwa habari za Mkwawa mapema. Hawa wavulana wawili hawamo, au wakiwamo ni kwa nusu sentensi. Naamini wao ndio mlango wa kumwingiza msomaji wa miaka kumi katika vita vile, na ndiyo maana mjadala kuhusu aina ya vitabu vya kuwaandikia watoto wetu si wa wataalamu wa fasihi peke yao.

Mjadala wenyewe umepamba moto tangu mtaala ulioanza kutumika 2024 ulete somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Shule zinataka vitabu vya ziada, wazazi wanauliza wanunue nini, na waandishi wa Iringa, Njombe na Mbeya wanaona nafasi. Wengine wanataka wasifu wa mashujaa: alizaliwa hapa, akapigana pale, akafa siku fulani. Wengine wanataka riwaya fupi za kihistoria, zenye mtoto wa kubuni anayetembea katikati ya matukio ya kweli. Na wapo wanaosema historia ya damu isisimuliwe kwa watoto ila kupitia wanyama, kama mabibi zetu walivyofanya jioni motoni.

Wanaotetea wasifu wana hoja ambayo sitaki kuipuuza. Mkwawa si mhusika wa hadithini. Ana ukoo. Mjukuu wake, Adam Sapi Mkwawa, ndiye aliyepokea fuvu la babu yake liliporudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, kisha akawa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Wengi wetu tumekua tukilisikia jina lake redioni. Mwandishi anayeketi na kumtungia babu wa watu maneno ambayo hakuyasema anabeba dhima. Wasifu, wanasema, unajizuia: unataja tarehe na mahali na kinachojulikana, na mtoto anaondoka na kitu cha kushika, ambacho hata kwenye mtihani kitamfaa.

Ningekubaliana nao kama wasifu wa watoto ungekuwa unajizuia kweli. Haujizuii. Mkwawa hakuacha kitabu cha maisha yake. Sehemu kubwa ya kilichoandikwa kuhusu vita vile wakati ule kiliandikwa na waliopigana naye. Tom von Prince, ofisa aliyeijenga boma ya Iringa, aliandika kumbukumbu zake, na mkewe Magdalene akaandika za kwake. Upande wa Wahehe ulibaki vinywani mwa wazee, na vinywani masimulizi hubadilika kadiri vizazi vinavyopita. Sasa mwandishi wa wasifu anapoandika, "Mkwawa akasimama mbele ya wapiganaji wake akawaambia," na kufungua alama za kunukuu, amefanya kilekile anachofanya mwandishi wa riwaya. Tofauti ni kwamba wa riwaya ameandika kwenye jalada kuwa ni riwaya.

Hapo ndipo ninapoegemea upande wa riwaya. Riwaya inakiri kwamba imebuni. Kwa mtu kama Mkwawa, ambaye mawazo yake ya ndani hatuna namna ya kuyasoma, kukiri huko ni uaminifu mkubwa kuliko wasifu unaovaa sura ya uhakika.

Tuwarudie wavulana. Kijana wa Lugalo, wasifu utamfanya nini? Utasema "kijana jasiri alimuua Zelewski" na kusonga mbele. Riwaya inaweza kukaa naye usiku ule baada ya vita, akiwa na damu mikononi, watu wazima wanamsifu na yeye hapati usingizi. Kitabu kama hicho kinamheshimu mtoto anayesoma, kwa sababu hakimfundishi kwamba kuua ni mchezo, wala hakimnyimi ukweli kwamba kijana wa rika la kaka yake alishika mkuki kulinda nchi yake. Na yule wa Mlambalasi? Wepesi wa kumwita msaliti ni mkubwa. Lakini alikuwa mtoto, ameshakaa porini, yuko mikononi mwa askari wenye bunduki. Ningependa watoto wa darasa la sita wabishane juu yake kipindi kizima: ungefanya nini? Wasifu wa shujaa hauna nafasi ya swali hilo, kwa sababu mvulana yule ndani yake ni chombo tu cha kumfikisha shujaa kwenye kifo chake.

Wapinzani wa riwaya wana jibu zito. Mtoto, wanasema, hasomi neno "riwaya" kwenye jalada. Kwake kilichomo kitabuni kilitokea. Vizazi vya Watanzania vimesoma darasani hadithi ya Kibanga aliyempiga mkoloni, na wapo watu wazima hadi leo wanaomtaja Kibanga kama mtu aliyeishi. Ukimwandikia mtoto wa Ifunda kwamba binti mmoja alibeba ujumbe kutoka Kalenga hadi Lugalo usiku wa manane, atakapokuwa mtu mzima atakuambia kwamba binti huyo alikuwepo. Sikatai. Nitaeleza mbele kidogo dawa ninayoiona, ingawa haiponyi yote.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Iringa hatupendi kuligusa. Nyanda za Juu Kusini si Uhehe peke yake. Teremka kutoka Mafinga kuelekea Mbarali, ufike Utengule Usangu, halafu uulize wazee habari za Mkwawa. Wasangu chini ya watawala wao walioitwa Merere walipigana na Wahehe tangu enzi za Munyigumba, baba yake Mkwawa. Walisukumwa kutoka nchi yao, wakahamia Usafwa, si mbali na mji wa leo wa Mbeya. Wajerumani walipokuja, Merere aliwaunga mkono, na baada ya Wahehe kushindwa watu wake wakarudi Usangu. Kwa kitabu cha mashujaa, Merere ni kibaraka. Kwa mtoto wa Rujewa, Merere ni mtu aliyewarudisha bibi zake nyumbani.

Mama mmoja wa Kihesa, tulipozungumzia jambo hili, aliniambia kwa ukali kwamba mtoto wake anashinda na katuni za ng'ambo, mashujaa wake wote wana majina ya kigeni, na kabla hajapewa habari za Mkwawa aliyevamia majirani apewe kwanza Mkwawa aliyewashinda Wajerumani. Mzima, bila nyufa. Nyufa ataziona akikua. Hoja hii inanigusa. Mtoto anahitaji mtu wa kwake wa kumwonea fahari, na Lugalo ni fahari ya kweli.

Lakini kitabu kile kile kitauzwa Iringa na Mbeya, kitasomwa Kalenga na Utengule. Tukimpa mtoto wa Mbarali shujaa mzima asiye na nyufa, tumemwambia kwamba kumbukumbu ya nyumbani kwao ni ya aibu. Na mtoto wa Kalenga tumemnyima kitu anachokihitaji ili aelewe kwa nini Wajerumani walishinda: hawakuikuta nchi moja. Mpangile, ndugu yake Mkwawa, aliwekwa na Wajerumani kuwatawala Wahehe na mwaka 1897 wakamnyonga wao wenyewe. Mambo haya hayamshushi Mkwawa. Yanaonyesha uzito wa uamuzi wake wa kutojisalimisha, wakati wengine waliomzunguka walikuwa na sababu zao za kuamua vingine.

Ni kwa sababu hiyo hiyo, ya maamuzi, kwamba sikubaliani na wanaotaka vita hivi visimuliwe kwa wanyama. Nazipenda ngano. Lakini ndani yake fisi ni mlafi tangu anazaliwa mpaka anakufa, sungura ni mjanja, simba ni mkubwa. Hakuna anayechagua. Ukimfanya Mkwawa simba na Mjerumani fisi, Merere utampa umbo gani? Na askari Mwafrika aliyevaa sare ya Wajerumani, wengine wametolewa Sudan, wengine Msumbiji, huyo ni mnyama gani? Ngano itakulazimisha umpe tabia ya kuzaliwa nayo, na mtoto atajifunza kwamba watu wa kabila fulani ndivyo walivyo. Katika mikoa yenye makabila mengi kama yetu, hilo ni somo la hatari.

Wanaosema wanyama wanapunguza ukali wa mambo wana haki ya kuhofia. Kuna kujiua ndani ya habari hii, na kuna kichwa kilichokatwa kikapelekwa Ujerumani, kikadaiwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919 uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, na kikarudi miaka 35 baadaye baada ya Gavana Twining wa Tanganyika kulichagua fuvu hilo kati ya mafuvu ya makumbusho ya Bremen. Si habari za kumsimulia mtoto wa chekechea. Ila watoto wa shule za msingi hupelekwa Kalenga kwa ziara na hulitazama fuvu hilo kwenye kioo. Tayari wameshaona. Wanachokosa ni mtu mzima wa kuwaeleza kwa utulivu walichokiona, na kitabu kizuri kinaweza kuwa mtu huyo.

Wanyama nawatakia kazi nyingine. Katika misitu ya Rungwe na Kitulo, na tena katika msitu wa Ndundulu kule Udzungwa, anaishi kipunji, nyani mwenye manyoya marefu ambaye wawindaji wa Rungwe walimjua, lakini wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 tu. Mwaka uliofuata wakaona hafanani na yeyote wakamwekea jenasi, yaani kundi la kisayansi, yake peke yake. Hukaa juu ya miti, na mlio wake ni mzito, kati ya honi na kubweka. Hebu fikiria hadithi ya kipunji mdogo anayeona miti ikipungua mwaka hadi mwaka, iliyoandikwa na mtu wa Tukuyu anayeijua baridi ya msitu ule. Hapo mnyama hafichi binadamu yeyote nyuma ya ngozi yake. Anajizungumzia mwenyewe, na habari ya ukataji wa misitu inamfikia mtoto bila hotuba.

Na wasifu je, tuutupe? Hapana, tuwape wanaoustahili. Mwanzoni mwa karne iliyopita, katika misheni ya Wamoravian ya Utengule, upande wa Usafwa, mmisionari Elise Kootz-Kretschmer aliandika masimulizi ya wanawake waliopitia utumwa katika eneo lililo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mmoja wao ni Narwimba. Ni maisha ya kutekwa, kutoroka, kutafuta mtu mwenye nguvu wa kukulinda wewe na watoto wako, na kuanza upya kila vita vinapopita. Maneno yalipita kwenye kalamu ya mmisionari, hilo lazima lisemwe, lakini yalianza kinywani mwa Narwimba. Mkwawa, mtawala mkuu, hakuacha maneno yake, mwanamke mateka aliyaacha. Huyu ndiye wa kuandikiwa wasifu wa watoto wa Mbeya, wenye nukuu ambazo hakuna aliyezitunga. Ajabu na masikitiko ni kwamba nikiwauliza walimu wa Mbeya kuhusu Narwimba, jina lenyewe ni geni kwao, huku watafiti wa ng'ambo wakiwa wamemwandikia kurasa nyingi.

Sasa ile dawa. Kila riwaya ya kihistoria ya watoto iwe na ukurasa mmoja unaosema bila kuzunguka: hiki kilitokea, hiki wazee wanasimulia, hiki nimebuni mimi. Kijana wa Lugalo yumo kwenye masimulizi, usingizi aliokosa ni wangu. Tarehe ni ya kweli, jina la binti si la kweli. Nimeambiwa kwamba watoto hawatausoma, na wachapishaji hulalamikia gharama ya kila ukurasa. Huenda. Lakini mtoto wa miaka kumi na moja hupenda sana kujua siri ya jinsi kitu kilivyotengenezwa, na mwandishi anayejua kwamba lazima aandike ukurasa huo huwa mwangalifu zaidi anapobuni.

Udhaifu wake ni kwamba darasani kitabu mara nyingi ni kimoja kwa watoto wengi, mwalimu anasoma kwa sauti na kengele inalia kabla ya kurasa za mwisho. Kwa hiyo ukurasa huo ukae mwanzoni, kabla ya sura ya kwanza, na mwalimu auanzie.