Cheesesteak: Acheni Kugombania Jibini

Wapenzi wa cheesesteak, ile sandwichi ya nyama ya Philadelphia nchini Marekani, hawakosi la kubishana, na karibu kila mara wanabishania jibini. Provolone, lile jibini la Kiitaliano? Zile slesi laini za manjano wanazoziita jibini la Marekani? Au Cheez Whiz, lile rojo la kwenye chupa? Mwaka 2003, John Kerry akiwa kwenye kampeni za urais aliomba yake iwekwe jibini la Uswisi, akachekwa mpaka magazetini. Kwangu mimi jibini linashika nafasi ya tatu. Anayetaka kuipika nyumbani ahangaikie kwanza mkate, kisha unene wa nyama.

Historia yenyewe iko upande wangu. Pat Olivieri na nduguye Harry walikuwa wakiuza mikate ya soseji kusini mwa Philadelphia. Inasimuliwa kwamba mwaka 1930 walikaanga nyama ya ng'ombe na vitunguu, wakaipakia kwenye mkate wa Kiitaliano ili wale wenyewe, dereva wa teksi akapita, harufu ikamkamata, naye akataka wake. Jibini halikuwemo, lilikuja miaka mingi baadaye, na Cheez Whiz iliingia madukani miaka ya 1950. Sasa yule anayeapa kwamba bila Cheez Whiz si halisi, sijui wateja wa mwanzo anawaweka wapi.

Turudi kwenye mkate. Unatakiwa mrefu, shibiri moja na kidogo, ganda lake jembamba, ndani laini lakini wenye ukakamavu wa kubeba mafuta bila kuvunjika. Baguette ya Kifaransa haifai: ganda ni gumu, ukiuma tu nyama yote inachomokea nyuma. Mkate wa baga nao unalowa na kumeguka kabla hujafika nusu. Upasue ubavuni, lakini upande mmoja ubaki umeshikana.

Nyama ni ribeye, yaani steki ya sehemu ya mbavu, kwa sababu ina mafuta yaliyosambaa katikati ya nyuzi, na mafuta hayo ndiyo mchuzi wako. Sirloini, nyama ya kiunoni, isiyo na mafuta itakupa vipande vikavu. Nyama ya kusaga siijadili hata kidogo, hicho ni chakula kingine. Kwa kuwa nyumbani hatuna mashine ya kukatia, iweke nyama kwenye friza dakika 30 hadi 45, igande nusu tu, kisha kwa kisu kikali ikate kwa kukingama nyuzi, iwe nyembamba kama karatasi. Hapa usifanye haraka. Ukikata vipande vinene utapata steki ndani ya mkate, na utakuwa unaivuta kwa meno.

Kaanga vitunguu kwanza, taratibu, mpaka vilainike na kuanza kubadilika rangi, uvitoe. Pasha kikaango cha chuma mpaka kiwe moto kweli, utie nyama kidogo kidogo. Ukiijaza yote kwa mkupuo itatoa maji, na badala ya kukaangika itachemka. Chumvi, pilipili manga, basi. Kuikatakata kwa mwiko au kuiacha ilivyo ni hiari yako. Hata Philadelphia wenyewe hawajakubaliana. Pilipili hoho ukizitaka weka, ila mjini kule hazimo mpaka uziombe.

Nyama ikiiva, na haichukui zaidi ya dakika mbili tatu, rudisha vitunguu, punguza moto, ikusanye iwe na umbo la mkate, ndipo upange jibini juu. Mimi huchagua provolone kwa sababu ina ladha yake. Jibini la Marekani linayeyuka vizuri zaidi na halijitengi na mafuta yake, kwa hiyo kwa anayeanza ni rahisi. Kisha ufunue mkate na kuufunika juu ya nyama hapo hapo kikaangoni, nusu dakika. Mvuke unalainisha mkate huku jibini likishika nyama. Pitisha mwiko mpana chini, shika mkate kwa juu kwa mkono mwingine, upindue.

Ifunge kwenye karatasi dakika moja au mbili kabla ya kuila, mkate unywe mafuta kidogo. Na kama una wageni, pika moja moja. Wa mwisho avumilie.