Saa moja ya saiba Malindi: ufukuze kijimpira au ucheze mechi?

Wiki iliyopita mwenzangu alilipia saa nzima katika saiba tunayochezea huku Malindi, mtaa wa Barani, akaimaliza yote akifukuza kijimpira kwa kipanya ndani ya Aimlabs, programu ya mazoezi ya kulenga kwa wachezaji wa michezo ya risasi ya kompyuta. Mechi hakuigusa. Waliokuwa nyuma yake wakingoja siti walimwambia anatupa hela baharini: anayetaka kujua kulenga acheze, basi. Akawajibu kwamba wao wamecheza miaka mitatu, na bado adui akiyumba kushoto na kulia, risasi zao zote zinaishia ukutani. Ubishi huo nimekaa nao siku kadhaa. Pande zote mbili zina hoja, na kwetu sisi tusio na kompyuta nyumbani, saa ya kompyuta ni pesa taslimu.

Kulenga si jambo moja. Kuna kudaka shabaha: adui anachomoza, unampelekea nukta, ile alama ya kulengea katikati ya skrini, kichwani, unabonyeza, kwisha. Michezo ya Counter-Strike na Valorant (2020) inamlipa zaidi anayejua hilo, kwa sababu bunduki kali humaliza mtu kwa risasi moja ya kichwa. Na kuna kufuatiliza: kuibandika nukta juu ya mtu anayekimbia na kubaki naye mpaka aanguke. Katika Apex Legends (2019) adui ana ngao juu ya uhai wake, kwa hiyo humwangushi kwa risasi moja au mbili. Katika Overwatch, Zarya hupiga kwa mwale usiokatika. Waliocheza Quake miaka ya tisini wanaikumbuka bunduki ya radi, ambayo bila kufuatiliza haina kazi. Kama wewe ni wa Valorant tu, usiumize kichwa sana na haya.

Watetezi wa mazoezi wana hesabu ambayo sijaona ikijibiwa. Nilirekodi mechi yangu moja ya Apex, kisha nikaitazama upya huku nikipima kwa saa ya simu. Mechi ilikwenda dakika 18. Muda ambao kidole kilikuwa kwenye kitufe na adui anasogea mbele yangu haukufika dakika moja na nusu. Uliobaki ulikuwa kukimbia, kuokota silaha, kujificha na kungoja. Dakika 15 za mazoezi zinakupa kufuatiliza karibu dakika 15, na asilimia yako ya kulenga sawasawa unaiona papo hapo.

Mazoezi pia yanakufundisha kutumia jicho, na hapo ndipo nilipobadilika mimi mwenyewe. Anayefuatiliza vibaya huikodolea macho nukta yake, kisha anajaribu kuisukuma kumfikia adui. Jicho la mtu limeumbwa liweze kuteleza taratibu pamoja na kitu kinachosogea, lakini lazima likitazame kitu chenyewe. Kazia macho kifua cha adui, nukta itafuata. Adui anapogeuka ghafla inapita kama robo ya sekunde kabla mkono wako haujaitikia, na robo hiyo ndiyo inayomeza risasi. Mwenye pupa hukaza mkono ili awahi. Mkono uliokazwa hutetemeka, akapitiliza, akarudi, akapitiliza tena. Kwenye kijimpira unauona mtetemo huo wazi. Kwenye mechi unadhani adui ana bahati.

Hata hivyo kijimpira hakitaki kitu. Adui anataka. Anayekimbilia mlango anautaka mlango, aliyebakiwa na uhai kidogo anatafuta ukuta wa kujificha, na ukishayajua hayo nukta yako inamtangulia. Hilo hulipati ila kwa kucheza na watu. Mtandao nao una fungu lake: seva, yaani kompyuta zinazoendesha mechi, ziko mbali nasi, na kila kilomita 1,000 za waya wa nuru zinaongeza takriban milisekunde 10 kwenda na kurudi. Adui unayemwona alikuwa hapo kitambo kidogo kilichopita, na mara nyingine anaruka kwenye skrini. Kijimpira kilichomo ndani ya kompyuta hakiruki hivyo. Pia namjua kijana mwenye alama kubwa mazoezini ambaye kila mechi hufa wa kwanza, kwa kuwa husimama peupe. Huyo programu haimsaidii.

Kuna jambo pande zote mbili hazilitaji, nalo huku pwani ni kubwa. Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, kiganja kinatoka jasho hata feni ikiwa juu yako, na pedi ya kitambaa ya kutelezeshea kipanya inakunywa jasho hilo pamoja na unyevu wa bahari. Sukuma kipanya polepole: kinaganda, halafu kinaruka. Kudaka kunavumilia, maana msogeo ni mkubwa. Kufuatiliza ni misogeo midogo midogo, na kila kuganda ni risasi iliyokosa. Siku hizi nabeba pedi yangu mwenyewe, nimeizungushia kikoi, na kitambaa cha kufutia mkono.

Halafu kuna aliyekaa kabla yako, amebonyeza kitufe cha DPI, kile cha juu ya kipanya kinachobadilisha wepesi wake, akaondoka. Wapo wanaosema kubadilisha sensi, yaani kiasi ambacho mchezo unakugeuza kwa kila msogeo wa kipanya, kwa makusudi kunaunoa mkono. Huenda, lakini kubadilishiwa bila kujua ni jambo jingine kabisa. Ndiyo maana natembea na rula ya shule. Kwa DPI 800 na sensi 1, katika Counter-Strike na Apex kuzunguka mzunguko mzima mchezoni ni kusukuma kipanya sentimita 52, hivyo kugeuka nyuma ni 26, na rula ya 30 inatosha. Ukigeuka nyuma kwa 13, mtu ameongeza DPI maradufu, na ukianza mazoezi hivyo utaufundisha mkono wako sensi isiyokuwa yako.

Kwa hiyo mwenzangu yuko sahihi kuhusu kijimpira, ila amekosea kukipa saa nzima. Mimi napima sensi kwa rula dakika mbili, nafuatiliza kwa 15 mkono ukiwa umelegea, kisha naingia mechi na kazi moja tu kichwani: macho kifuani pa adui. Baada ya dakika 15 asilimia yangu huanza kushuka, na kuendelea hapo ni kulipia uchovu.

Ukikaa siti ya dirishani utaona vialama viwili vya biro ukingoni mwa meza. Baina yake ni sentimita 26. Mwenye saiba ametukubalia vibaki, na sasa hata wale waliokuwa wakimcheka mwenzangu wanapimia hapo.