Sauti bila mtu juu ya Unguja

Jioni ya tarehe 13 Septemba 1961, katika kituo cha kufuatilia vyombo vya anga cha Tunguu kisiwani Unguja, mafundi walikuwa wakisubiri chombo cha anga cha Marekani kilichorushwa kama nusu saa kabla kutoka Cape Canaveral, Florida. Ndani yake hamkuwa na mtu. Palipopaswa kukaa rubani palifungwa mashine ya kupumua: inavuta oksijeni, inatoa hewa chafu na unyevu kama kifua cha mwanadamu. Kulikuwa pia na kanda zilizorekodiwa sauti ya mtu, ili vituo kama hicho, vilivyopangwa sehemu mbalimbali za dunia, vijaribu kama vitamsikia mwanaanga siku atakapopita kweli.

Safari hiyo, Mercury-Atlas 4, ya mradi wa Marekani wa kumpeleka mtu angani, iliizunguka dunia mara moja tu, kwa muda usiofika saa mbili. Kisha chombo kikatua baharini mashariki ya Bermuda, na manowari Decatur ikakiokota. Tukisimulia habari za anga huwa tunatoka kwa Gagarin, Msovieti aliyekuwa mtu wa kwanza angani, moja kwa moja hadi kwa John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, na safari hii tunaipita kama haikuwapo. Naona tunaidhulumu.

Hebu tukumbuke hali ilivyokuwa. Gagarin alikwisha kwenda na kurudi mwezi Aprili. Agosti, Msovieti mwenzake Titov akakaa angani siku nzima. Wamarekani walikuwa nyuma na dunia nzima ikiwaangalia, na roketi yao ya Atlas haikuwa ya kuaminika: tarehe 25 Aprili mwaka huohuo ilikataa kugeuka kuelekea njia yake, ikabidi ilipuliwe angani sekunde chache tu baada ya kuruka. Mnara wa dharura, wenye roketi yake ndogo juu ya chombo, ulikichomoa chombo kikanusurika. Chombo hichohicho kilifanyiwa ukarabati, na ndicho kilichopita juu yetu Septemba. Wakubwa wa mradi ule wangeweza kumpakia mtu ili wapunguze aibu. Wakapakia mashine, na mashine ikawaonyesha kasoro, ikiwemo oksijeni iliyovuja. Novemba wakampeleka Enos, sokwe. Zamu ya Glenn ilifika tarehe 20 Februari 1962. Subira ya namna hiyo, mtu akiwa anashindwa mbele ya watu, mimi naiheshimu kuliko gwaride lolote la ushindi.

Lakini kwa upande wa Unguja kuna jambo jingine, na hili linaniuma. Kituo kile kilitokana na makubaliano ya mwaka 1960 kati ya Uingereza na Marekani. Wazanzibari, ambao ardhi ni yao, hawakuwa wenye kauli. Wengi waliamini kinachojengwa ni kambi ya makombora, na chama cha siasa cha ZNP (Zanzibar Nationalist Party) na vyama vya wafanyakazi vikapinga waziwazi. Kituo hakikuwa na kombora. Kilikuwa na antena na mitambo ya redio. Hata hivyo siwezi kuwaita wale waandamanaji wajinga. Nyumba yako ikiwekwa mitambo na wageni wawili waliokubaliana wao kwa wao, kuuliza ni haki yako. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali ya Karume ilitaka kituo kiondolewe, na mwaka huohuo kikaondoka.

Kabla ya hapo, Glenn katika mzunguko wake wa kwanza alikuwa akivuta kamba ya mpira kama mazoezi, akapimwa shinikizo la damu, na daktari wa Tunguu akawa anamfuatilia kwa redio. Kilichoihakikisha njia ile ya mawasiliano ni chombo kisicho na mtu.

Waliokuwa vijana Tunguu wakati huo sasa ni wazee. Ningetamani mtu mwenye kinasa sauti awafuate mapema, awaulize antena zile zilionekanaje kutoka shambani, na nani aliwaambia nini juu yake.